Mzunguko wa siku nzima vilima vya Matumbi: pango ni zuri, ila mali iko njiani

Naanza na jibu kwa wenye haraka: nendeni. Ila msiende kwa ajili ya pango peke yake, maana wengi wanaotoka Lindi mjini, Kilwa Masoko na hata Dar wanafika kijiji cha Nandembo, wilayani Kilwa, wanaingia pango la Nang'oma nusu saa simu mkononi, wanapiga picha, wanageuza gari, afu ukiwauliza wanakwambia "pango tu, hamna kingine". Hicho kingine ndo nataka nikieleze hapa. Vijana wanaotembeza wageni kule wana mzunguko wa siku nzima, mnatoka kijijini asubuhi, mnapanda vilima vya mawe ya chokaa, mnashuka mabondeni, mnapita mashambani kwa watu na mnarudi palepale jioni kwa njia nyingine kabisa, na hakuna anayeutangaza, wao wenyewe wanautaja kwa aibu aibu kama nyongeza vile. Sisi tukasema tupeni huo huo.

Njia kwanza. Wa Lindi mjini mnaijua, lami mpaka Nangurukuru, mnapitiliza mpaka Njia Nne, hapo mnakata kushoto mnaipa bahari mgongo na kuanzia hapo ni makona na kupanda mpaka Kipatimu. Wa Dar nyie mnavuka daraja la Mkapa pale Rufiji, mnapita Somanga (shukeni mle samaki kabisa, mkishaingia ndani samaki wa maana sahauni), mkifika Njia Nne mnakata kulia. Angalieni na msimu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara kuu ilikatika upande wa Somanga na watu wakakwama huku na huku, kwa iyo masika si ya kujaribia, na hata huko juu jiwe likilowa linateleza vibaya mno. Mwezi wa sita mpaka wa tisa ndo wenyewe, nyasi zimelala, njia kavu, machungwa yapo.

Tulilala Kipatimu ili tuanze mapema. Malazi ni ya kawaida, kitanda, neti na ndoo ya maji, usitegemee zaidi ya hapo na hutalalamika. Usiku kuna kaubaridi ambako sisi wa Lindi hatujakazoea, bebeni sweta. Alfajiri tukachukua boda mpaka Nandembo na hapo ndo mzunguko unaanzia na kuishia.

Tulipewa watu wawili, kijana mmoja muongeaji na mzee mmoja ambaye mwanzoni nilidhani kaja kusindikiza tu. Tukaamkia, shikamoo babu, marahaba wajukuu, akaanza kutuangalia miguuni mmoja mmoja kabla hata hajatuuliza majina. Shemeji yangu alikuwa na zile raba nyeupe za kutokea, soli nyembamba. Mzee akacheka kidogo, "Mjukuu wangu, hizo utarudi nazo mkononi." Shemeji naye akajibu kwa adabu kwamba zimegharimu hela nyingi babu, hazina shida. Saa nane mchana soli ya kulia ilikuwa imeachia mbele inafungua mdomo kila hatua, na kijana akaifunga kwa kamba ya gunia. Sasa swali langu kwa waandaaji: kama mnajua jiwe lenu linakula viatu, kwa nini wakati tunapiga simu kuulizia mlituambia "matembezi mepesi tu, njooni mlivyo"? Si mepesi. Simu yangu ilisoma kama kilometa kumi na nne, ambazo kwa tambarare si chochote, ila hapa ni panda shuka panda shuka, na ile panda ya kwanza baada ya kutoka kijijini inakutoa jasho kabla chai haijatulia tumboni.

Jiwe lenyewe lazima nilizungumzie maana ndo lililonivutia kuliko vyote. Kwa mbali unaona kilima cha kijani kama vingine, ukikanyaga unakuta udongo ni mwembamba tu, chini yake jiwe la kijivu lililochongoka juu kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi, na katikati ya meno kuna vishimo na mifereji midogo imechimbwa na mvua. Kijana alieleza vizuri hapa nampa haki yake: maji ya mvua yanapokuja yanachukua hewa ya ukaa angani na kwenye udongo, yanakuwa na ukali kidogo, na huo ukali kidogo ndo unayeyusha chokaa taratibu miaka na miaka, kwanza mfereji, baadae ufa, baadae shimo, mwisho pango. Yaani pango si kitu kilichowekwa pale, ni jiwe lililoliwa. Mzee akaongezea ya kwake, akainama akatuonyesha kwenye jiwe moja alama za kombe zimeganda ndani, akasema sisi wazee tulikuwa tunajua hapa palikuwa bahari kabla hawajaja wasomi kutuambia. Na wasomi wanakubaliana nae, mawe ya chokaa ya huku Matumbi yanahesabiwa ni ya enzi ya Jurasiki, ambayo iliisha kama miaka milioni 145 iliyopita. Enzi hiyohiyo ya wale mijusi wakubwa (dinosaria) wa Tendaguru, hapahapa mkoani kwetu, waliochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na mkubwa wao mpaka leo kasimamishwa makumbusho ya Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Hilo la mjusi vijana hawakulitaja na nadhani walitaje, mgeni akijua anakanyaga sakafu ya bahari ya zama za mijusi anatembea tofauti kidogo. Halafu ni jiwe la ukoo uleule linalochomwa chokaa ya kupakia nyumba pwani, na linalopikiwa simenti pale Dangote Mtwara. Sisi wa kusini jamani tumezungukwa na hili jiwe kila upande na hatujui hata linatengenezwaje.

Baada ya kilele cha kwanza mnashuka bonde, na hapa kuna kitu usipoambiwa utakipita. Bonde lina umbo la mto kabisa, kingo, kokoto, miti mikubwa ya kijani, ila hakuna maji. Mzee akatupeleka pembeni kidogo penye kishimo kimezibwa na majani na matawi yaliyoletwa na mafuriko, akasema mto unaishia hapa. Wakati wa mvua maji yanakuja kwa kelele yanazama palepale, yanaenda chini kwa chini, na wenyeji wanajua yanatokea wapi. Tukatulia kidogo, ukiweka uso karibu na shimo kuna upepo wa baridi unatoka chini unakupiga puani una harufu ya udongo mbichi, na huku nje jua kali. Shemeji alikaa hapo muda mrefu kuliko pangoni. Kwa iyo na maji ya kunywa, elewa: vilima hivi havishiki maji juu, yote yanazama. Beba lita tatu mtu mzima, usiende na kachupa ka nusu lita halafu uanze kuwaomba wenzio.

Haya, pango. Nang'oma ni kubwa kweli, sitawadanganya, mdomo wake peke yake unakufanya upunguze sauti bila kuambiwa. Kabla ya kuingia mzee alitangulia, akasimama mlangoni akasema maneno yake kwa Kimatumbi, sisi tukasubiri. Kwa wenyeji ni mahali pa mizimu na matambiko, si kivutio tu, kwa iyo kama umekuja na ujuaji wako wa mjini uache kwenye gari. Hakuna aliyetulazimisha kuamini chochote, tuliombwa heshima basi, na hilo nimelipenda.

Ndani kuna mawe yanayoning'inia kutoka juu na mengine yanayoota kutoka chini yakitafutana. Tulizima tochi zote dakika kadhaa tukasikiliza tone linavyodondoka, tone moja linakuja na chokaa kidogo sana, linaiacha, linaanguka, ndo hivyo jiwe linavyorefuka, polepole mno kiasi kwamba babu yake mzee alilikuta lilivyo. Sasa uone watu: sehemu ambazo mkono unafika ncha zimevunjwa, zimebaki vigutu, na ukutani majina kwa mkaa, fulani na fulani wanapendana, mwaka na namba ya simu. Mapenzi gani hayo ya kuandika kwenye jiwe la mamilioni ya miaka. Kijana alituomba tusiguse mawe yanayong'aa kwa sababu mafuta ya mkononi yanayachafua na tone halishiki tena vizuri, safi, ila asiishie kutuomba sisi wastaarabu, waweke na kibao.

Popo ni wengi na harufu yao inakukaba koo. Hapa ndo nina lawama ya maana kuliko ya viatu. Hatukuambiwa chochote kuhusu barakoa, wala hawakuwa nazo za kutupa. Mavi ya popo yakikauka vumbi lake linaweza kuwa na vimelea vinavyoingia kwenye mapafu, na nchi yetu imeshapata Marburg kule Kagera, 2023 na tena 2025, ugonjwa ambao virusi vyake vinajulikana kubebwa na aina ya popo wala matunda wanaoishi mapangoni. Sisemi Nang'oma kuna ugonjwa, sijasikia kitu kama hicho. Nasema barakoa ni hela ndogo sana na ndoo ya maji na sabuni mlangoni ni hela ndogo zaidi. Ukienda beba yako, usishike kuta ovyo, usile kitu humo ndani, nawa ukitoka. Na tochi ya simu haitoshi, beba ya kichwani ili mikono iwe huru, sehemu nyingine mnapita mmeinama.

Tulipotoka tukakaa kivulini na hapo mzee akafunguka. Kijana alikuwa ameshatupa historia ya Majimaji huko ndani kwa kasi kama mtu anasoma tangazo la msiba redioni, 1905, Wajerumani, maji, wakashindwa, tuendelee. Mzee alianzia kwenye pamba. Alisema pamba si zao la kula, huwezi kuchemsha pamba mtoto akalala, na watu wakawa wanatolewa kwenye mashamba yao kipindi cha kupalilia wanaenda kupalilia shamba la serikali kwa viboko. Ndo maana vita haikuanza kwa mkuki, ilianza kwa kung'oa miche, pale Nandete, vilima hivihivi, Julai 1905, na kutoka pale tulipokaa alitunyooshea mkono tu upande wake. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mwenye ile dawa ya maji, Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, vita ikiwa bado mbichi kabisa, na ikaendelea bila yeye mpaka Songea huko. Na haya mapango, akasema, yalificha wanawake na watoto. Akaonyesha kwa fimbo mlango mwingine mdogo ambao tungepita mara mia tusiuone, majani yameufunika. Unaelewa ghafla kwa nini vita vya vilimani vilikuwa vigumu kwa mwenye mzinga.

Nikamuuliza na habari za Kibata, nayo ya vilima hivihivi, maana nilishasoma kwamba Desemba 1916 wakati wa vita vya kwanza vya dunia Waingereza na Wajerumani walipigana vibaya pale, na kati ya waliokufa upande wa Waingereza walikuwemo askari wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Mzee akasema ndiyo, wageni wamekuja kufia kwetu kwa vita isiyowahusu, na sisi tukabeba mizigo yao. Akanyamaza akaomba maji. Waandaaji nawaambia bure: huyu mzee ndo bidhaa yenu. Mlipeni vizuri, na kijana atembee nyuma yake akijifunza, badala ya kutangulia mbele anapiga stori za mpira.

Nusu ya pili ya mzunguko ndo wanayoiruka wote na kwangu ndo ilikuwa tamu kuliko zote. Mnatoka kwenye mawe mnaingia udongo mwekundu mzito, mashamba ya muhogo na mbaazi, ufuta ulishavunwa mabua yamesimamishwa yamekauka, minazi miwili mitatu imepotea njia kutoka pwani, afu michungwa. Machungwa ya Matumbi tunayala Lindi kila mwaka tunayakuta sokoni yamerundikwa hatuulizi yametoka wapi. Kumbe yanatoka kwenye miinuko hii, na yanabebwa kichwani na kwa baiskeli mpaka barabarani. Tulimkuta mama mmoja chini ya mti anachambua, mazima huku, yaliyopigwa kule, akatukaribisha kama ndugu waliochelewa harusi. Alimenya chungwa kwa kisu kikubwa cha shamba bila kuliangalia, ganda likashuka utepe mmoja mrefu mpaka chini halijakatika, akakata kofia ya juu akampa shemeji, "Nyonya mwanangu, umechoka, naona hata kiatu kimechoka." Tukacheka mpaka tukakaa. Akakataa hela ya yale tuliyokula, akakubali ya ndoo tuliyonunua, na bei aliyotutajia nilivyofikiria bei ya sokoni Lindi mjini niliona aibu kidogo kwa niaba ya madalali.

Njia hii inapita vijijini kwa watu, kwa iyo salamu ni kazi ya kudumu, usipite kimya na miwani yako ya jua. Na usiwapige watu picha bila kuomba, vijana walitukumbusha hilo mapema na nawapongeza.

Chakula. Kiliahidiwa saa saba, kilifika karibu saa tisa na nusu, na njaa ya vilimani si ya kawaida. Ila kilipofika, maneno yakaisha: kuku wa kienyeji, mbaazi za nazi, ugali wa muhogo, na pembeni sahani ya ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na chumvi, ile ile ya kwetu kusini ambayo ukimwambia mtu wa Arusha anadhani unamtania. Kuku alikuwa mgumu wa haki, kuku aliyetembea vilima, sina lawama nae. Lawama ni muda tu. Kama jiko liko mbali tuambieni tubebe vitumbua.

Sasa bei, mnaisubiri. Tulilipa elfu thelathini kwa kichwa na chakula ndani, ambayo kwa siku nzima, watu wawili wa kuwaongoza na ule mlo, naona ni halali kabisa. Kilichonikera ni kwamba tulipofika tukaambiwa kuna mchango mwingine pembeni ambao kwenye simu haukutajwa, si mkubwa, na kila mtu alitoa, ila mgeni akianza siku kwa kuhisi anachunwa hata maelezo mazuri hayamuingii. Ukienda Kilwa Kisiwani unalipia kibali chako pale Masoko, unapewa risiti, unajua ulichotoa, habari imeisha. Andikeni jumla kwenye karatasi moja, bandikeni ukutani. Na sanduku la huduma ya kwanza hawana, tuliuliza, wakatuonyesha plasta mbili za kijana mfukoni. Kwenye jiwe lile mtu akianguka anachanika, si kuchubuka. Mtandao wa simu nao unakuja na kuondoka, kwenye mabonde hamna kabisa.

Nyota nawapa nne. Moja nimeizuia na nitaitoa siku wakiwa na barakoa, sanduku la dawa na bei iliyoandikwa, wala si mambo ya kusubiri mfadhili.

Nani aende: mtu anayeweza kutembea siku nzima bila kuhesabu, hata kama si mwanamichezo, shangazi yangu mwenye miaka yake hamsini na kitu angeweza kwa mwendo wa mzee. Watoto kuanzia wa darasa la tano hivi sawa, wadogo zaidi wapelekeni pangoni na kwenye michungwa tu kwa njia fupi, ile ya mawe muiache. Mwenye magoti mabovu ajue kushuka ndo kubaya kuliko kupanda, aombe fimbo, wanazo, wanakata mianzi mizuri. Mwenye woga wa giza anaweza kubaki nje na mzee, na kwa kweli hatakuwa amepoteza.

Viatu vya soli ngumu, suruali ndefu kwa ajili ya upupu na miiba, maji lita tatu, barakoa, tochi ya kichwani, noti ndogondogo za machungwa maana chenji kule hamna. Mkifika pitieni ofisi ya kijiji kwanza mjitambulishe, ndo utaratibu, na mkipanga safari ombeni kwa jina la kazi yake, semeni tunamtaka yule mzee wa fimbo, wote watajua mnamaanisha nani. Boda mwambieni kabisa awafuate saa kumi na mbili kasoro, wa kwetu alisahau na tukapanda lori la machungwa kurudi Kipatimu, nafasi ya juu, bure.